Nani Alilirudishia Sauti Tarumbeta la Mzee Ndosi?

Sogeeni mnisikilize hadi mwisho, maana nikishamaliza kusimulia, kazi ya kuhukumu nitawaachia ninyi.

Huko Machame, kwenye migomba na baridi ya mlima, aliishi mjane aliyeitwa Mama Aikande. Alikuwa na watoto watatu, wote watu wazima. Aikande, mshona nguo, alijaliwa mikono yenye subira. Hakuna uzi uliojifunga fundo ukamshinda. Kundaeli, fundi saa mjini Arusha, alijaliwa jicho kali kuliko miwani ya wengine. Nsia, kitindamimba, aliyefundisha watoto kuimba, alijaliwa sikio. Alimtambua mtu kwa hatua zake kabla hajabisha hodi.

Baba yao, Mzee Ndosi, alikuwa mpiga tarumbeta wa usharika. Kila alfajiri ya Pasaka alisimama makaburini akapiga wimbo wa ufufuo. Alipofariki, tarumbeta lilifungiwa ndani ya kasha. Miaka kumi na mitano ikapita. Mama alizoea mengi: kula peke yake, kuchuma kahawa peke yake. Ukimya wa alfajiri ile hakuuzoea.

Mwaka huo, Pasaka ilipokaribia, akawaita wanawe.

"Nataka kulisikia tena, kaburini kwake," alisema. "Na atakayelirudishia sauti atalichukua liwe lake."

Wakafungua kasha. Pistoni tatu, zile zinazobonyezwa kwa vidole kubadili sauti, zilikuwa zimekwama kabisa. Aikande akanusa.

"Mama, mbona linanukia mafuta ya kupikia?"

Mama akainamisha macho. "Ni mimi, mwanangu. Kila mwaka, siku aliyofariki, nilizitoa nikazipaka mafuta kama nilivyomwona yeye akifanya. Sikujua kwamba mafuta yenyewe si haya. Mwisho zikagoma kutoka."

Hakuna aliyemlaumu.

Aikande akaanza. Alililoweka tarumbeta kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, akayabadilisha, akaloweka tena. Mafuta yalikuwa yameganda kama gundi. Kundaeli alipotaka kuleta koleo, dada yake alimkatalia: "Ukilazimisha utalikwaruza, na hapo hatuna tena tarumbeta." Siku mbili nzima alifuta kwa kitambaa laini, huku kidole chake kikitua kila mara pale ambapo kidole cha baba kilikuwa kimeichakaza shaba. Pistoni ya mwisho ilipochomoka, alizipaka zote mafuta mepesi ya cherehani, akazirudisha kila moja alikoitoa. Zikapanda na kushuka vizuri.

Akapuliza. Hewa haikupita.

Kundaeli akalichukua, akaketi dirishani penye mwanga. Alizitoa pistoni, akazigeuza moja moja mbele ya jicho lake.

"Dada, kila moja ina namba. Imefifia mno, lakini ipo. Hii ya pili imekaa kwenye nyumba ya tatu, na ya tatu kwenye ya pili. Matundu hayakutani, ndiyo maana hewa inagonga ukuta."

"Basi hilo nalo ni langu," Mama akasema kwa sauti ndogo.

Kundaeli akazibadilisha, akapuliza. Sauti ikatoka! Mama alikuwa amerudi jikoni. Mfuniko wa sufuria ukamponyoka. Lakini baada ya sauti nne tano, pistoni ya katikati ikazama, ikachelewa kupanda, na wimbo ukakatika.

Nsia akasema, "Bonyeza tena, kaka. Polepole." Akafumba macho. "Inakwaruza upande mmoja, inapopanda tu." Akafungua kifuniko cha chini, akatoa springi. Ilikuwa imepinda kidogo, ikiisukumia pistoni ukutani. Aliinyoosha kwa vidole, akairudisha, akasikiliza. Akaitoa tena, akasikiliza, mpaka ule mkwaruzo ukaisha.

Alfajiri ya Pasaka walisimama kaburini. Baba alikuwa amewafundisha wakubwa wawili, nao siku zilizobaki wakamfundisha mdogo wao wimbo huo mmoja tu. Kila mmoja akapiga ubeti wake. Mama alikuwa ameshika msalaba wa kaburi. Walipomaliza akasema, "Rudieni."

Wakarudia.

Nyumbani, Mama alilipakata tarumbeta. "Niliahidi kumpa mmoja," alisema.

"Mama, nilimuuguza baba miezi saba," Aikande akasema. "Tangu tumzike, ni siku zile mbili tu nilipohisi kwamba bado namhudumia."

"Mimi sikuwahi mazishi," Kundaeli akasema. "Nilifika kaburi limeshafukiwa. Sikupata hata kumuaga."

Nsia akasema, "Nilikuwa na miaka sita. Uso wake naujua kwa picha. Ninachomkumbuka kwa kweli ni sauti hii tu."

Mama akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Mikono yake haikuliachia tarumbeta.

Bila mikono ya Aikande, pistoni zisingetoka. Bila jicho la Kundaeli, hewa isingepita. Bila sikio la Nsia, wimbo usingefika mwisho. Na tarumbeta halikatwi vipande.

Haya, semeni ninyi mlionisikiliza: mngekuwa mmeketi pale alipoketi Mama Aikande, mngemkabidhi nani?