Swali la Mwisho la Mama Pacha

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Lakini kuna gereji moja ambamo mwenye kuuliza alionekana mzigo.

Fundi mkuu aliitwa Sikio, kwani injini yoyote aliirekebisha kwa kuisikiliza tu. Mwanafunzi wake, Mama Pacha, mchana alishika spana na jioni alikwenda darasani kusomea ufundi wa magari, wanawe wakibaki kwa bibi yao. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya majaribio yake.

"Mwanangu, mikono unayo," Sikio alimwambia asubuhi. "Kinachokuponza ni mdomo. Ukiniuliza swali jingine leo, kazi huna."

"Sawa, mjomba."

Saa nne likaingia gari la mkunga. Kila lilipopanda mlima, injini iligonga kama inatwanga kokoto. Sikio akaliacha lipate moto, akaimulika alama iliyo kwenye puli ya injini kwa taa ya taimingi, ile ya kupimia wakati wa cheche, akalegeza distributa inayogawa cheche hizo na kuizungusha kidogo. Alama ikasogea, ikacheza, ikarudi ilikotoka. Akazungusha tena, ikamponyoka kama kambare.

"Gari hili lina mashetani!"

"Basi niitie mganga," mkunga akasema, macho kwenye saa. "Mama anayejifungua yuko kule mlimani, na mtoto hasubiri distributa."

Mama Pacha aliuma midomo. Kumsubiri mkunga alikujua; alisubiri akiwa na wawili tumboni. Kisha akasogea karibu na injini, akauliza:

"Mjomba, kompyuta ya gari umeizuia kwanza?"

Sikio akamgeukia, taa ingali mkononi.

"Kompyuta inahusu nini hapa?"

"Wewe unazungusha, yenyewe inasahihisha. Mnavutana kamba."

Sikio alimtazama, akaitazama alama. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka thelathini.

"Inazuiwaje, mwanangu?"

Mama Pacha akachukua kipande cha waya, akaunganisha matundu mawili ya soketi ya kupimia. Alama ikatulia tuli. Sikio akazungusha distributa hadi digrii kumi, kama kitabu cha gari kilivyoagiza. Mama Pacha akakaza bolti, akachomoa waya. Gari likaupanda mlima likinguruma laini, bila kugonga hata mara moja.

"Kesho uwahi," Sikio akasema akijifuta mikono. "Na hayo maswali yako usiyasahau nyumbani."

Waliuliza wawili siku ile: mmoja akapata kazi, mwingine akapata elimu. Ama kweli, kuuliza si ujinga.