Uso wa Honni

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi aende akalale sasa hivi. Mwishoni nitataka jibu, na jibu la mtu anayepiga miayo silipokei.

Zamani, kusini mwa Bara Hindi, mfalme mmoja alijenga hekalu la mawe, kuta zake zimechongwa miungu toka chini hadi juu, kila mmoja na bangili zake. Miongoni mwa mafundi walikuwamo watatu wa nyumba moja. Ketavve alikuwa na sikio: akiligonga jiwe kwa nyundo ndogo, alijua kama ndani ni zima au lina ufa. Mumewe Biroja alikuwa na mkono: tindo yake ilichonga kidani ukadhani unaweza kukivua. Nagayya, ndugu yake Ketavve, alikuwa na kazi moja tu, ya mwisho: kuwafungua miungu macho. Kazi hiyo ilifanywa kwa kutazama kwenye kioo, kwa kuwa watu waliamini anayekutana ana kwa ana na mtazamo wa kwanza wa mungu hafiki kesho.

Ketavve na Biroja walikuwa na binti mmoja, Honni, wa miaka minane, mwenye kucheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Mfalme akaagiza sanamu ya mungu wa kike wa chumba cha ndani kabisa. Ketavve alizunguka machimboni siku kumi na mbili, akayakataa mawe yote, hata dogo moja zuri tu, akachagua kubwa la kijivu lililolia kama kengele. Watu wakalivuta kwa kamba juu ya magogo, wakipanda mlima. Biroja alipoliona linakuja, furaha ikamzidi, akaita, "Honni, mama, njoo uone jiwe la baba yako!" Mtoto akatoka mbio, akamkimbilia mjomba wake nyuma ya jiwe. Nagayya, aliyeshikilia kabari ya kuzuia magogo, akainua mkono kumpungia. Kabari ikachomoka. Yeye aliruka pembeni, mtoto hakuwahi.

Msimamizi wa ujenzi akaamuru jiwe lioshwe, na kabla ya adhuhuri kamba zilikuwa zinavutwa tena. Matanga hawakuruhusiwa. Jiwe la aina ile huchongeka likiwa bichi, likikaa hewani linakuwa gumu, na mfalme hakutaka kupoteza jiwe.

Basi wakalichonga.

Ketavve aliweka sikio kwenye jiwe lile lile, akagonga shibiri kwa shibiri, akamwambia mumewe, "Uso uweke huku. Kule kuna ufa." Bila yeye uso ungepasuka, kama zilivyopasuka sanamu mbili za mafundi wengine.

Biroja alifuata vipimo vyote vya miungu kama alivyofundishwa. Alipofika mdomoni mkono ukamkatalia, na kicheko cha upande mmoja kikatokea. Bila yeye kusingekuwa na uso wa kugombewa.

Kisha Nagayya akaja na kioo chake. Mpaka hapo Honni wa jiwe alikuwa amefumba macho, vile vile alivyolazwa juu ya kuni za kumchomea. Nagayya akagonga mara mbili kila jicho. Ketavve akachungulia kiooni, na binti yake akamtazama. Alilikumbatia lile jiwe mpaka wakambandua kwa nguvu. Bila Nagayya, wangekuwa wamechonga maiti.

Lakini sheria ya hekalu ilikuwa hivi: mungu akishaanza kuabudiwa, fundi haingii tena chumbani mwake. Siku ilipofika, kuhani mkuu akasimama mlangoni, akawatazama wale watatu na kutabasamu.

"Mfalme ameridhika," akasema. "Mmoja wenu, yule aliyemfanya mungu huyu, ataruhusiwa kuingia kumwona mara moja kila mwaka, mpaka kufa kwake. Wengine wawili, basi tena. Msipoelewana, nafunga."

"Mimi ni mama yake, Mtukufu," akasema Ketavve.

"Mama Honni," akasema Biroja, "lile jiwe dogo lilikuwa na kosa gani? Hili ulilichagua wewe." Miaka miwili alikuwa ameyameza maneno hayo.

"Na nani alimwita? Alikuwa anacheza zake nyumbani, Baba Honni. Ulimwita ili upate wa kukusifu!"

Nagayya akapiga magoti. "Dada, sura yake ninayoikumbuka mimi ni ile ya chini ya jiwe. Niacheni nikaone nyingine."

"Wewe nyamaza!" wakamwambia wote wawili kwa pamoja, na hilo ndilo pekee walilokubaliana siku ile.

Kuhani akaanza kuusukuma mlango. Ketavve aliwachukia wote wawili, na yeye mwenyewe akajichukia zaidi, lakini mguu wake ulikuwa umeshavuka kizingiti.

Msiniambie waingie wote. Ningekuwa na huruma hiyo ningewasimulia kitu kingine. Unayesema mama, ndiye aliyelileta jiwe. Unayesema baba, ndiye aliyemwita mtoto. Unayesema mjomba, mkono wake ndio ulioachia kabari. Na uso ule, hakuna aliyeufanya peke yake.

Haya, kuhani anakungoja. Je, wewe ungemwingiza nani? Na wale wawili wanaobaki nje, wakirudi nyumba moja jioni hiyo na huyo uliyemchagua, ungewaambia nini?