Mkate Usio na Chapa

Inasimuliwa kwamba hapo kale, katika mji wa nchi kavu uliokuwa ukiishi kwa mfereji mmoja tu wa maji, palikuwa na mwanamke mcha Mungu akiitwa Bi Lubaba binti Thabiti, mwokaji wa mtaa wa chini. Mcha Mungu, ndiyo. Lakini msiharakishe kumfikiria mama mpole mwenye sauti ya njiwa. Bi Lubaba alikuwa na hasira. Alikuwa nazo alfajiri akiwasha kuni, alikuwa nazo adhuhuri akiitoa mikate, na alipotaka kusimama kuswali ilimbidi kwanza aziweke kando, kama mtu avuavyo viatu mlangoni, akijua atazikuta palepale akitoka.

Wala hazikuwa hasira za bure. Wali wa mji ule alikuwa amepanda bustani ya mawaridi, na mawaridi ya mtawala hayajui kiu ya jirani. Maji yaliyokuwa yakiteremka mtaa wa chini tangu enzi za mababu yakageuzwa, yakaingia bustanini. Wanawake wakawa wanakwenda kuteka kisimani, nje ya lango la mji, jua likiwachapa utosini. Bi Lubaba akaenda kushtaki kwa Kadhi, ambaye alikuwa mtu mwadilifu, tena wa taratibu sana.

"Nani aliyeyageuza maji?" akauliza Kadhi.

"Wali."

"Ulimsikia akiamuru?"

"Nimeuona mfereji umekauka."

"Mfereji haupandi kizimbani, mama. Wali anasema maji yamehama yenyewe kwa kudura ya Mola. Niletee mtu aliyeisikia amri kwa masikio yake."

Bi Lubaba akarudi mikono mitupu, kwani masikio yaliyoisikia amri ile yalikuwa yakilishwa na Wali.

Sasa, mtaa ule ulikuwa na desturi yake. Kila nyumba ilikanda unga wake, ikaupiga chapa yake ya mti, huyu nyota, yule jani la mtende, ili asije mtu akachukua wa mwenzake, kisha ikauleta kwenye tanuri la Bi Lubaba. Lakini katika kila sinia Bi Lubaba alimega donge moja, akaliumba mkate mdogo asiupige chapa yoyote. Mikate hiyo ikitoka motoni iliwekwa ndani ya kidaka cha ukuta wa nje, upande wa uchochoro. Asiye na kitu hupita akachukua. Na adabu ilikuwa moja: mkono ukionekana kidakani, macho hugeuka. Hakuna kuuliza, hakuna kuchungulia, hakuna hata "karibu tena". Mamaye alifanya hivyo, na bibi yake kabla ya mamaye. Bi Lubaba husema kwamba hakuna usingizi ulio mtamu kama ule wa jioni ambayo kidaka ni kitupu, nawe humjui wa kukushukuru.

Ikawa Ijumaa moja khatibu akasema juu ya mimbari kwamba mja mwenye kushukuru hukunjua uso. Wali, aliyekuwa hodari wa kufahamu nusu ya jambo, akatoka msikitini na hoja yake tayari: uso uliokunjamana ni kukufuru neema, na hasa neema za Wali. Kabla ya magharibi akaunda Idara ya Bashasha. Usimamizi wake akampa Kutaiba, mtumishi aliyekuwa akimpelekea amri zake, bwana mwembamba ambaye hapana aliyewahi kumwona akicheka. Hilo halikuhesabiwa kuwa kasoro. Mpiga mbiu akazunguka: watu waamke mapema, wasalimiane kwa meno, wasizungumzie maji sokoni, na kila siku mtu anuse waridi. Asiye na waridi ruhusa kunusa la Wali, kupitia ukutani.

Kutaiba alipofika mtaa wa chini, akiwa na joho jipya la kijani lenye nembo kifuani, alimkuta Bi Lubaba akichochea moto.

"Asalamu aleikum, Bi Lubaba. Mbona uso?"

"Waaleikum salamu. Uso ndio huu, bwana. Nilizaliwa nao."

"Ukunjue."

"Niukunjue, masizi yaniingie mpaka kwenye mikunjo?"

Kutaiba akaliacha hilo, maana jicho lake lilikuwa limekwisha kufika kidakani. "Na mikate hii? Haina chapa. Ya nani?"

"Ya atakayekuja."

"Atakuja kwa nini?"

"Kwa njaa, bwana. Kwa kiu wanakwenda kwenye mfereji, wanakuta mchanga."

Bwana yule akabadilika rangi. "Unasema mji huu una wenye njaa?"

"Mimi sisemi. Kidaka ndicho kinachosema. Jioni huwa kitupu."

"Basi kidaka hiki kinamsingizia Wali," akasema Kutaiba, na hakuwa akitania. Papo hapo akatoa amri: tangu siku hiyo mkate usio na chapa ni marufuku. Tena, Ijumaa ijayo, mbele ya Kadhi na watu wote, Bi Lubaba ataapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba mtaa wa chini wote una furaha na hamna mwenye njaa, ili Wali aupeleke ushahidi huo kwa Sultani. Asipoapa, tanuri litazibwa kwa udongo na kupigwa muhuri.

Bi Lubaba akarudi nyumbani. Mumewe, Mzee Safwani, mgonjwa wa miguu aliyekuwa hatoki kitandani ila kwa mkongojo, aliusikia mlango ulivyobamizwa, akajua.

"Kaa, mke wangu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha: aliyekasirika akiwa amesimama, na akae."

Akakaa. "Nimekaa. Ningali na hasira."

"Basi jinyooshe kidogo."

"Nikilala nitaota nampiga."

"Tawadha, basi. Hasira ni moto, na moto huzimwa kwa maji."

Bi Lubaba akamtazama. "Maji yapi, Safwani? Yaliyobaki mtungini ni ya kukandia. Mtu yule amechukua hata maji ya kuzimia hasira nilizonazo juu yake, akayapeleka kwenye mawaridi!"

Mzee Safwani akataka kucheka, akaona heri asicheke. Bi Lubaba akagonga viganja vyake mchangani, akatayamamu, akaswali rakaa mbili. Alipotoa salamu hasira zilikuwapo, ila sasa zilikuwa zimekaa chini.

"Wanataka niape uongo," akasema kwa sauti ya chini. "Nikiapa, nimemuuza Mola wangu. Nisipoapa, mtaa wote hauna pa kuoka."

"Utafanyaje?"

"Kwanza nitaoka."

Na akaoka, akamega madonge yale yale, akajaza kidaka kile kile. Lakini Alhamisi wanawake wa mtaa wakamjia, na hawakuja kwa ubaya. "Kiapo kimoja tu, mama," wakamsihi. "Ukitoka pale utubie. Mola ni Mwingi wa kusamehe."

"Nimchome mtu kisu leo kwa kuwa nina dawa ya kidonda nyumbani?"

Mmoja akaja na rai nyingine. "Basi umshtaki papo hapo mbele ya watu! Sema Wali anakunywa mvinyo. Nani asiyemchukia? Wataamini."

"Sijamwona akinywa," akajibu Bi Lubaba. "Nimemwona akinywesha mawaridi. Hilo linamtosha, sina haja ya kumwongezea." Wala asidhani mtu kwamba jibu lile lilimjia kwa wepesi. Hasira hupenda sana kutiwa chumvi.

Ijumaa ikafika. Baada ya swala watu walipangwa uwanjani na watumishi wa Idara, kila mtu amekenua, hata mji ukafanana na mkutano wa watu wanaoumwa meno. Wali ameketi, Kadhi kando yake. Bi Lubaba akaitwa, akaja na aproni yake ya masizi.

"Naapa," akasema, "naapa kwa jina la Mola asiyehitaji tabasamu langu: mtaa wa chini una njaa, una kiu, na mimi Lubaba nina hasira."

Wali akaruka kitini. "Mmesikia! Amekiri hana furaha! Amekufuru neema!"

"Hilo sikuliapia, bwana. Furaha ninayo. Kila nikimega donge lisilo na chapa ninayo, na kidaka kikiwa kitupu ninayo. Hiyo ndiyo uliyokuja kuipiga marufuku, na ndiyo maana nimekasirika. Mtu hukasirika akinyang'anywa alicho nacho. Ningekuwa sina, ningekuchekea kama hawa."

Wanaume waliokenua wakafumba midomo, mmoja baada ya mwingine. Kadhi akainama, akawaza, kisha akasema neno ambalo kwake lilikuwa ujasiri mkubwa: "Kiapo kimesikika. Siwezi kumwandikia Sultani kinyume chake." Akanyanyuka akaondoka. Lakini tanuri halikuwa katika mamlaka ya Kadhi. Kabla ya alasiri likazibwa, na juu ya udongo mbichi ukapigwa muhuri wa Wali. Kidaka walikiacha wazi, kwa kuwa amri ya kuziba ilitaja tanuri tu, na watumishi wa Idara walikuwa watu wa kufuata maandishi.

Wali, naye, alihitaji wa kumtupia lawama. Akamnyang'anya Kutaiba cheo, nyumba na posho, kwa kosa la kushindwa kukunjua uso mmoja wa mwanamke.

Hapo ukaanza mtihani wa subira. Wanawake wakachimba vijishimo uani, wakaoka juu ya mawe, mikate ikatoka nusu mbichi nusu mkaa. Lakini kila nyumba, baada ya kupiga chapa yake, ilimega donge moja lisilo na chapa, ikapeleka mkate huo kwenye kidaka cha tanuri lililozibwa. Hakuna aliyewaamuru. Bi Lubaba alikuwa akipita kila asubuhi kuupanga mkate wa watu, akiutazama muhuri ule, na hasira zake zikimsalimu kama jamaa.

Asubuhi moja alipokuwa akikata kona ya uchochoro akauona mkono kidakani. Ulikuwa wa mtu aliyevaa joho la kijani, na kifuani, mahali pa nembo, palikuwa na uzi ulioning'inia.

Hasira zake zote zikasimama kwa pamoja, kama mbwa walioona mwizi. Alikuwa na maneno, tena yaliyoiva, aliyoyapika tangu siku ya udongo. Na pale palikuwa na mtu wa kumlisha. Lakini adabu ya mtaa ilikuwa moja, mkono ukionekana kidakani macho hugeuka, nayo haikusema isipokuwa mkono wa Kutaiba. Shingo ilimgomea. Akaigeuza kwa nguvu, kama mtu afungaye lango lenye kutu.

"Umeniona, Bi Lubaba," Kutaiba akasema kwa sauti iliyokauka.

"Sijaona mtu."

"Mimi ndiye niliyekuzibia tanuri."

"Najua. Sikudhani limejiziba kwa kudura."

"Basi nitukane, niende zangu."

"Nitakutukana ukishiba," akasema Bi Lubaba, uso ungali ukutani. "Usijidanganye, bwana, hasira ninazo. Leo ninazo, kesho nitakuwa nazo, na maji yasiporudi nitakwenda nazo mpaka mbele ya Mola nikakushtaki huko, ambako hawaniambii nilete shahidi. Lakini mkate huo hauna chapa. Si wangu niukunyime. Kula."

Kutaiba akala amesimama. Wasimulizi wengine husema alikuwa akilia. Lakini mwenye njaa hulia akishamaliza. Alipomaliza akajifuta mdomo kwa lile joho.

"Mimi ndiye niliyeipeleka amri ya mfereji," akasema. "Masikio haya ndiyo yaliyoisikia."

Bi Lubaba hakugeuka. "Kadhi hukaa mpaka adhuhuri," akasema. "Wewe wahi."

Akaenda. Akashuhudia mbele ya watu, akijua kwamba ushahidi ule unamfunga na yeye mwenyewe. Kadhi, aliyekuwa mtu wa taratibu, safari hii hakukawia: maji yarudi yalikokuwa, muhuri uvunjwe, na Kutaiba auzibue mfereji kwa mikono yake mwenyewe; yasipofanyika hayo, Sultani ataandikiwa. Wali akatii kwa namna ya watu wa aina yake: akaivunja Idara ya Bashasha, na kesho yake akaunda Idara ya Mfereji, yenye watumishi wengi zaidi.

Maji yalipofika mtaa wa chini, Bi Lubaba akakaa ukingoni, akatawadha kwa ukamilifu, kiungo kwa kiungo, akarudia na uso. Mzee Safwani, aliyekuja taratibu na mkongojo wake, akamuuliza, "Sasa umefurahi, mke wangu?"

"Furaha nilikuwa nayo siku zote. Zilizopungua ni hasira. Na tena si zote, maana Wali bado yupo. Nisogezee kuni hizo."

Ndugu zangu katika imani, hakuna aya iliyotuamrisha tucheke na dhalimu ndipo tuhesabiwe wenye kushukuru. Mwenye hasira za haki na akae nazo kwa adabu, asizilishe uongo. Aitakaye furaha ya kila siku asiingoje kwa Wali wala asiitafute kwenye kioo: na amege donge moja la unga wake, asilipige chapa, na anayelichukua asimtazame usoni hata akiwa ni adui. Kisha jioni akikuta kidaka ni kitupu, aende akalale.