Mstari wa Unyayo

Mkakasi hunakshiwa nje ukameta, lakini ukiufunua, hukuti ila mti. Wahenga walituonya tusipumbazwe na sura ya nje. Hata hivyo, wapo watu wazima wanaosifu nakshi huku mtoto wa mwenzao akivuja damu.

Fundi viatu mmoja alisifika kwa kuchora nyayo za wateja. Alizungusha penseli kwa mkupuo mmoja, akatia vivuli vya vidole, na watu wakabaki vinywa wazi.

Mama mmoja, seremala wa milango, alimpelekea binti yake mwenye mguu uliopinda. Jozi ya kwanza ilimchubua, ya pili ikamchubua, na ya tatu ikamtoa damu hata akaapa kwamba hatakwenda shule tena. Mama alipolalamika, fundi alijibu bila kuinua uso, "Kiatu hakina kosa, mama. Mguu ndio mkorofi."

Hasira zilimpanda mama, lakini akatulia na kumtazama akipima upya. Penseli ililala, ncha ikapenya chini ya unyayo. Kumbe mguu ulikuwa ukipunjwa kabla ngozi ya kiatu haijakatwa!

Akaenda zake, akapasua penseli katikati kwa urefu, akafunga nusu yake kwenye ukingo wa kibao cha pembe mraba ili isimame wima. Kesho yake alirudi nacho. Fundi akacheka mbele ya wateja.

"Leo penseli nayo imeletewa magongo?"

Binti akainamisha kichwa. Mama akamjibu:

"Magongo humfikisha mtu aendako, fundi. Mkono wako umetufikisha wapi?"

Akapiga magoti, akakitembeza kibao kuuzunguka mguu. Mstari wake ulikuwa mbaya kama njia ya mnyoo. Akaibandika karatasi yake dirishani juu ya mchoro wa fundi, mwanga ukaonyesha mistari yote miwili. Upande wa ndani, mstari wa mama ulizidi kwa upana wa kidole. Kisha akafungua bendeji ya bintiye. Kidonda kilikaa pale pale mistari ilipoachana, urefu ule ule.

Fundi alianza kusimulia miaka yake thelathini ya kazi. Hakuna aliyemsikiliza. Mwishowe fundi akachukua kisu, akakata ngozi kwa kufuata mstari mbaya.

Jumatatu binti alipanda ngazi za shule, akarudi jioni soksi ikiwa nyeupe. Hakika, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.