Fisi na Fungu Lisiloitikiwa

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walihifadhi unga vibuyuni na kuning'iniza bunduki darini, aliishi Fisi mmoja aliyejipenda kuliko mfupa.

Alikuwa na mke, alikuwa na binti, alikuwa na gobore. Gobore alilipaka mafuta asubuhi na kulisifu jioni. Kila alipotoka kuwinda alirudi akigusa masikio yake na kusema yanalia nyiiii, nyiiii. Masikio yakilia, alimwambia mkewe, ujue mwindaji amekomaa. Mkewe alimjibu kwamba hata chungu hulia kikipasuka. Fisi hakulisikia jibu hilo, kwa sababu masikio yalikuwa yakilia.

Siku moja ikaja habari kwamba wazazi wa kijana mmoja wa ng'ambo ya kilima wangefika keshokutwa kumposa binti yake, Mashavu. Mashavu alimtaka kijana huyo, na alishamaliza kusuka mkeka wa kuwakalisha wageni. Lakini kwa mila ya fisi, baba wa binti huwapokea wageni kwa paja la kongoni aliyemwinda mwenyewe. Paja lisipokuwepo, wageni hunywa maji, hushukuru, huchukua fimbo zao na kuondoka. Na hawarudi.

Basi Fisi akamwendea rafiki yake Chui, mwenye gobore la pili. Wakahitaji na mtu mdogo wa kubeba baruti na kupita chini ya vichaka, wakamwita jirani yao Bi Nguchiro, mjane mwenye watoto wanne, mwili kama mchi wa kutwangia iliki, macho kama mbegu za papai.

Wakatoka alfajiri. Jua lilipopanda wakamwona kongoni amesimama uwandani. Chui akalenga. Bi Nguchiro naye akafungua kikoba alichokivaa shingoni, akamega vidonge viwili vya nta ya nyuki iliyokandwa na pamba, akaviviringa, akaziba sikio la kulia, akaziba la kushoto.

Kuduu!

Kongoni akakimbia mzima. Wawindaji walipogeuka kutafuta wa kumlaumu, wakamwona Bi Nguchiro amezibwa kama chupa ya asali.

"Bi Nguchiro, masikio yanakuuma?" Chui akauliza.

Bi Nguchiro akatoa nta. Akaomba swali lirudiwe, likarudiwa.

"Bado," akajibu. "Ndiyo maana nayaziba."

Wakacheka mpaka wakaegemeana. Fisi akaona huu ndio wasaa wa kutoa elimu. Akaeleza kwamba bunduki ikilia ndani ya nyumba ni balaa, maana kuta huurudisha mlio. Huku nje hakuna ukuta wala dari. Mlio hutoka mdomoni mwa bunduki ukaenda zake na upepo. Tena mwindaji aliyejiziba atamsikiaje mnyama akitembea? Aliyasema hayo polepole, kwa mizani, akiipenda kila silabi.

"Mlio unakwenda mbali, Bwana Fisi, nakubali," akasema Bi Nguchiro. "Lakini safari yake inaanzia shavuni mwako. Mimi nasikiliza kwanza, naziba, mnapiga, nazibua. Nta ninayo ya kutosha. Nikumegee?"

Mkono wa Fisi ulianza kwenda. Kweli ulianza. Lakini Chui alikuwa anamtazama, na mkono ukaishia kujikuna kidevu.

"Wape wanao wachezee," akasema Fisi. Chui akacheka, na Fisi akafurahi kuchekewa.

Wakaendelea. Fisi akapiga, akaua kichuguu. Chui akapiga, akaua tawi la mgunga. Fisi akapiga tena, akaua kichuguu kilekile, ambacho kilikuwa kimeshakufa. Walisimama bega kwa bega, na kila mmoja akimlipulia mwenzake sikioni. Kwa kila mlio Bi Nguchiro aliziba, na kwa kila kimya alizibua. Risasi ya saba ikamwangusha kongoni, na kila mmoja akaapa ilikuwa yake.

Fisi akatega sikio. Nyiiii, nyiiii, nyiiii. Akajiambia kwamba mwaka huu nyenze wameuwahi msimu, na huenda mvua ni karibu.

Sasa karibu na hapo palikuwa na mto, na ng'ambo yake ilikuwa nchi ya Simba. Milio ya bunduki ilishamwambia Simba kwamba kuna nyama, ila haikumwambia iko wapi. Sauti za kugawana ndizo humwonyesha njia. Kwa hiyo wawindaji wa pande zile walikuwa na desturi yao. Mgawaji hukaa nyuma ya kichaka, huwapa wenzake mgongo, na hutaja kila fungu mara tatu kwa sauti ya chini. Anayeitikia kwanza ndiye mwenye fungu. Fungu lisiloitikiwa ni la mgawaji, na kumpokonya mgawaji ni mwiko, maana mpokonyaji hapati tena mwenzi wa kuwinda naye. Tangu desturi ianze hapakuwahi kuwa na fungu lisiloitikiwa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuifikiria sehemu hiyo.

Bi Nguchiro alikuwa ameifikiria. Baadaye Fisi aliambiwa kwamba, kabla ya kugawa, Bi Nguchiro alisimama hatua tatu nyuma yake akasema taratibu, "Bwana Fisi, mkia wako unaungua." Fisi akaendelea kuutazama mto, ametulia, uso wa hekima.

Ndipo Bi Nguchiro akaja mbele na kuonyesha kwa ishara kwamba wakubwa wamechoka, wapumzike, atagawa yeye. Wakaona ana adabu. Wakakaa.

Fisi akangoja. Akapanga maneno ya kuwakaribishia wageni. Akaona yamependeza, akayapanga upya yapendeze zaidi. Akawasikiliza nyenze wake. Moyoni akamlaumu Bi Nguchiro kwa uzembe: mnyama mmoja tu, kumkata kutwa nzima? Akamtazama Chui. Chui akapandisha mabega.

Huku nyuma ya kichaka, kwa sauti ya mama anayemwamsha mtoto, kazi ilikuwa inakwenda.

"Paja la kulia, la nani? Paja la kulia, la nani? Paja la kulia, la nani? Haya. Paja la kushoto, la nani?"

Na kidari, na mbavu, na ini, na figo, na ulimi.

Alipotokea, alikuwa amefunga mafungu yote kwa majani na kamba, na mkononi ameshika pembe mbili na kwato nne. Pembe akampa Chui. Kwato akampa Fisi. Akainua vidole vitatu, akagusa mdomo wake, kisha akagusa masikio yao.

Hapo Fisi akaelewa kwamba msimu wa nyenze ulikuwa bado.

Walitaka kugombana, lakini ugomvi wenyewe ukawashinda. Wakipaza sauti, Simba angekuja. Wakinong'ona, hakuna aliyemsikia mwenzake. Wakabaki wanatunishiana mashavu kimyakimya kama vyura. Mwisho Chui akachukua pembe zake akaenda zake, akiamini mlio utapita wenyewe kama ulivyopita siku nyingine. Safari hiyo haukupita. Mpaka leo ukimsalimia Chui haitikii, na watu husema ana kiburi.

Fisi, yeye, hakuwa na pa kwenda. Angefika nyumbani na kwato, na Mashavu angeukunja ule mkeka. Akamfuata Bi Nguchiro njia nzima akimbebea mzigo wa nyama isiyo yake. Jua lilipoinama, sikio la kulia likaanza kufunguka kidogo, na hapo akaomba. Akaahidi kumlimia shamba. Akaahidi kumjengea kibanda. Akaahidi hata gobore.

Bi Nguchiro akasimama, akamzungukia upande wa kulia.

"Gobore nilipeleke wapi? Paja nitakupa bure, Bwana Fisi. Ila utawaambia wageni ulilipataje. Lote, kwa mdomo wako, mkeo anasikia."

"Niambie kitu kingine chochote."

"Kingine sikitaki. Wanangu wanachekwa kila siku kisimani kwa nta yao, na wanaowacheka wanasema hata Bwana Fisi hazibi."

Fisi akatembea. Paja bila sifa, au sifa bila paja? Alilipima hilo mpaka mlangoni kwake, na aibu ni kwamba ilimbidi alipime. Mashavu akatoka kumpokea, akatazama mikono ya baba yake kabla ya kutazama uso. Fisi akamgeukia Bi Nguchiro akasema amekubali.

Wageni wakafika, wakakalishwa mkekani, chungu kikatengwa. Mila ilimtaka baba asimulie uwindaji wake. Fisi akasimama, akakohoa, akaanza kwa yale maneno yake yaliyopangwa mara mbili: jinsi alfajiri ilivyopambazuka, jinsi kongoni alivyotetemeka kwa kumwona. Kisha akamwona Bi Nguchiro mlangoni, amekaa na wanawe wanne.

Akayaacha maneno yake ya kupanga.

"Ukweli ni kwamba," akasema, "kwanza niliua kichuguu."

Baba wa kijana akainua nyusi.

"Halafu nikakiua tena."

Mtu mmoja akaguna. Fisi akaendelea, maana sasa hapakuwa na pa kurudi. Akasema alivyotoa somo la upepo na kuta. Akasema mkia wake ulivyotangazwa kuungua huku yeye akiutazama mto kama mfalme. Alipofika pale alipowasifu nyenze kwa kuuwahi msimu, baba wa kijana alikuwa anajifuta machozi, mkewe Fisi amejifunika uso kwa kanga, na Fisi mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani, akajiona kwa mbali, akaona yule mtu anachekesha kweli. Hii-hii-hiii! Akacheka mpaka akakaa chini. Watu husema fisi huwacheka wengine. Si kweli. Hukumbuka kile kichuguu.

Katikati ya kicheko baba wa kijana akaegemea kushoto kwa Fisi, akasema jambo. Fisi akaendelea kutabasamu mbele. Wageni wakatazamana, na mmoja akagusa fimbo yake.

Sikio la kushoto, wanangu, lilikuwa limekwenda na risasi ya saba, na halikurudi tena.

Mashavu akapiga magoti upande wa kulia wa baba yake.

"Baba, wanauliza kama wamepewa."

"Sema tena," akasema Fisi. Alikuwa amesikia. Alitaka tu lipite sikioni mara ya pili.

"Wanauliza kama wamepewa, baba."

"Wamepewa," akasema Fisi, na kwa namna alivyopaza sauti, hata Simba ng'ambo ya mto alijua kuna harusi.

Ziba sikio kabla ya mlio, kwa kuwa sikio likishakwenda haliitwi likarudi: halisikii.