Bi Perege na Uchafu wa Jirani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na mto, na samaki, na jirani yake. Mwenye pua nyepesi aizibe mapema, maana mbele kuna kinyesi.

Tumeziba, tupe!

Hapo zamani za kale, kwenye kona ya mto, aliishi Bi Perege na watoto wake arobaini. Perege huwalea watoto mdomoni. Hatari ikitokea, wote mdomoni. Kwa hiyo Bi Perege akitaka kugombana na mtu, lazima kwanza awateme. Na siku hizo aliwatema mara nyingi.

Jirani yake alikuwa Mzee Kiboko. Usiku Kiboko hupanda mbugani kula majani. Asubuhi hurudi mtoni, hutulia kidogo, halafu... mmenielewa. Na mkia wake haumwagi tu, unarusha.

Bi Perege alikuwa mtu wa kufagia. Siku ya kwanza akawatema watoto, akasema bila hata shikamoo, "Kiboko, hapa ni nyumbani kwa watu."

"Samahani, mama watoto."

Siku ya pili akawatema watoto. "Kiboko, maji yangu yamekuwa uji."

"Samahani, mama watoto."

Siku ya tatu akawatema watoto. "Kiboko, hama."

Kiboko ana mwili mkubwa, lakini anaumia upesi. Aliteremka na mkondo, polepole, mpaka bwawa la chini.

Maji yakasafika, hata kokoto za chini zikahesabika. Bi Perege akawa anazungukazunguka kwake akijisifu. Hata wewe ungejisifu.

Juma la kwanza watoto walilamba mawe, utelezi wa kijani waliouzoea wasiuone. Juma la pili walifukua matope kutafuta vijidudu, navyo havikuwapo, kwa kuwa vilikuwa vikila kwa Kiboko. Juma la tatu Mdiria, yule ndege mvuvi, alitua kwenye tawi, akachungulia majini.

"Hongera, Bi Perege," akasema. "Siku hizi nawaona watoto wako mmoja mmoja."

Akajitosa. Watoto wakabaki thelathini na tisa.

Bi Perege alilia. Machozi ya samaki hayaonekani, lakini alilia sana. Kisha akawakusanya mdomoni waliobaki, wepesi kwa njaa, akafuata mkondo kwenda chini.

Njiani aliyapanga maneno. Atasema alikuwa anapita tu. Atasema watoto wamemkumbuka babu yao. Kuomba radhi? Hilo hakulipanga.

Alimkuta Kiboko amezungukwa na samaki wanene.

"Karibu, mama watoto," akasema Kiboko.

Bi Perege akafungua mdomo aseme kwamba anapita tu. Watoto wote wakachomoka. Hawakumsalimia mtu. Walikwenda moja kwa moja nyuma ya Kiboko, kule kule kwenye mkia, wakaanza kula.

Bi Perege akabaki mdomo wazi. Aibu ilimshika mpaka kwenye mapezi.

Kiboko akawatazama watoto, akamtazama mama yao. "Uniwie radhi," akasema, "leo sijafagia."

"Shikamoo, Mzee Kiboko," akasema Bi Perege kwa sauti ndogo.

"Marahaba."

"Nilikosea. Mmoja ameliwa kwa ajili ya maji yangu safi. Turudi nyumbani, tafadhali."

Kiboko akasema, "Waache watoto washibe kwanza."

Wakarudi pamoja. Maji yakawa uji kama zamani, na Mdiria akachungulia mpaka shingo ikamuuma. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, mkia wa Kiboko ukianza kurusha, Bi Perege huwatema watoto wake, akasema, "Haya, mezani."

Basi wanangu, fundisho ndilo hili: kabla hujamfukuza jirani kwa uchafu wake, angalia kwanza watoto wako wanakula nini.

Ngano nimeitosa mtoni, anayeitaka aogelee.