Kisanduku cha Bohdana

Katika vilima vya Vysočina hapakuwa na mtu aliyeujua mchezo wa visanduku kama mzee Vlastimil Hrubeš, mpima ardhi mstaafu. Mchezo wenyewe haueleweki kwa wasioucheza, ingawa ni rahisi. Mmoja huficha kisanduku porini na kutangaza mtandaoni namba za mahali alipokificha, na wengine hukifuata kwa simu na kwa miguu. Anayekiona hutia sahihi katika kijitabu kilichomo, hukirudisha palepale, kisha huandika mtandaoni, "Nimepata." Asiyekiona huandika, "Sikupata." Zawadi hakuna. Raha yake ni kufika mahali ambapo hukujua kwamba papo duniani. Mchezo huo ulimfikisha Hrubeš kwenye vinu vilivyomezwa na magugu, kwenye mapango ya popo, na juu ya kilima ambapo mtu huhesabu minara saba ya makanisa. Udadisi wake ulikuwa wa mtoto mdogo. Kiburi chake, kwa bahati mbaya, kilikuwa cha mtu mzima: kwa miaka kumi na saba hakuwahi kuandika "Sikupata" hata siku moja.

Mwezi wa Septemba alibakiza kisanduku kimoja tu kutimiza elfu tano. Wiki hiyohiyo Bohdana, binti wa miaka ishirini na miwili aliyefanya kazi ya kuoka mikate, alificha kisanduku chake cha kwanza kabisa maishani. Alikificha kwenye chemchemi ya msituni, ile iliyojengewa kijibanda kifupi cha mawe, na kidokezo alichotoa kilikuwa cha maneno mawili: "Kunywa kwanza."

Hrubeš akatangaza kwamba hicho ndicho kitakachokuwa cha elfu tano. Wenzake wakaandaa sherehe ya Jumamosi katika baa ya Dvořáček, na bata bukini wawili wakaagizwa.

"Vlasta, hicho utakipata umefumba macho," rafiki yake Otakar alimtania. "Ila usisahau kunywa kwanza!"

"Ninywe bia au maji?"

"Wewe na maji mlijuana lini?"

Jumanne asubuhi Hrubeš akaingia msituni. Alipapasa kuta za kijibanda, akagonga jiwe moja moja kusikiliza lipi lina uwazi nyuma yake. Alimulika tochi ndani akiwa amesimama wima mlangoni. Alichungulia hata tundu la kigogota kwenye msonobari. Kadiri alivyokosa ndivyo hamu ya kujua ilivyomchemka. Kiko wapi? Binti wa juzi anaweza kuficha nini kisionekane na mpima ardhi? Hatimaye aliketi juu ya jiwe, akafungua chupa yake ya chai, akanywa. "Kidokezo kinasema ninywe, na nimekunywa," alijiambia kwa hasira, kisha akaanza kugonga mawe upya.

Alirudi Jumatano, akarudi Alhamisi, akatoka mikono mitupu. Wakati huohuo wengine walikuwa wakikipata. Alikipata mama aliyembeba mtoto mgongoni. Alikipata hata Otakar, mtu ambaye hupotea akitoka msalani kurudi mezani. Hrubeš hakulala vizuri.

Ijumaa shetani akamkalia kichwani. Alitoa mfukoni kikopo kidogo cha plastiki, akatia ndani karatasi yenye sahihi yake, akakichomeka chini ya mzizi karibu na chemchemi. Kisha akaandika mtandaoni: "Kisanduku kimepotea. Nimemwekea binti kingine. Nimepata, cha elfu tano!" Kwa watu wa mchezo huu hakuna aibu inayoishinda hiyo, ya mtu kuja na kisanduku chake mwenyewe na kudai amekipata. Alilijua hilo vizuri, na bado akatuma.

Jumamosi baa ilifurika. Kabla bata hawajaletwa, Bohdana aliingia macho yakiwa mekundu, akaenda moja kwa moja hadi mezani kwake.

"Samahani, mzee Hrubeš. Watu wanaandika kwamba visanduku viko viwili, hawajui washike kipi. Nimetoka kuangalia, changu kipo palepale. Lakini kama mtu kama wewe hakukiona, basi mimi sijui kuficha. Kesho nakitoa, na mchezo wenyewe nauacha. Nimekuja tu kukuomba radhi kwa kukuhangaisha."

Wazoefu walielewa mara moja, na Otakar akainamia glasi yake. Hrubeš naye alielewa. Angekaa kimya, kisanduku kingeondolewa kesho yake, na uongo wake usingethibitishwa na yeyote milele. Angebaki na elfu tano zake na jina lake. Binti angebaki na nini? Alimtazama, akaona haya kuliko alivyowahi kuona tangu azaliwe.

Akasimama. "Keti, mwanangu. Wewe umeficha vizuri, mimi ndiye niliyeshindwa. Nilikwenda mara tatu, sikupata, nikaleta cha kwangu nikadanganya." Akachukua simu mbele ya wote, akafuta alichoandika, akaandika neno lile ambalo miaka kumi na saba lilimkwama: "Sikupata."

Mara sauti ikatoka nyuma: "Sasa jamani, bata je?"

"Bata hana kosa," alijibu Otakar, na baa nzima ikaangua kicheko.

"Binti, niambie kiko wapi," Hrubeš alisema vicheko vilipotulia.

"Kukuambia ni mwiko, babu. Lakini nitakusindikiza."

Jumapili walifika pamoja chemchemini. Hrubeš akatoa chupa yake, na Bohdana akacheka.

"Unakunywa nini hicho?"

"Chai."

"Umebeba chai kutoka nyumbani kuja kwenye maji?"

Polepole mzee akaweka chupa chini, akapiga magoti topeni, akaingiza kichwa chini ya paa lile la mawe na kunywa kwa kiganja. Maji yaliganzisha meno. Yalipotulia aliona ndani yake pua yake, ndevu zake, na juu ya kichwa chake kitu cha kijani kilichong'ang'ania upande wa ndani wa paa. Akanyoosha mkono bila kuinua macho, akakigusa.

"Nimepata!" alipiga ukelele, ndege wakaruka. "Otakar alikionaje?"

"Alikuwa na kiu baada ya bia za jana yake, akainama kunywa."

Magoti yalimuuma siku mbili. Lakini kila alipoulizwa, Hrubeš alisema hayo si kitu, kwani kuinama kule baa mbele ya watu ndiko kulikouma zaidi, na bila huko asingerudi chemchemini kamwe. Wahenga hawakukosea: mtaka cha mvunguni sharti ainame.